Bakuli la Njano la Bi Inez

Wifi yangu Ozella Mims ana ugonjwa wa wageni. Mgeni akishuka tu hapa mjini kwetu Mobile, awe wake, awe wa jirani, awe mhubiri aliyekuja kutuhubiria wiki moja, Ozella atampakia kwenye gari amzungushe mji mpaka miguu imvimbe. Namwita wifi kwa sababu niliolewa na kaka yake. Kaka mtu amekwenda, na mume wake yeye, Alvin, naye amekwenda, tumebaki wajane wawili tunagombana ndani ya gari moja. Yeye anaendesha, mimi nakaa nyuma na mikoba.

Mzunguko wake haubadiliki. Kwanza tumbo: magando ya kaa ya kukaanga kule kando ya ghuba, na chai baridi yenye sukari ya kuua mtu. Halafu macho: mialoni ya Government Street, nyumba za matajiri wa zamani, ile meli kubwa ya vita. Na mwisho maduka ya mitumba, ambayo ndiyo raha yake hasa. Njiani lazima amwambie mgeni kwamba sherehe ya Mardi Gras ilianzia hapa Mobile, si New Orleans. Mgeni akibisha hata kidogo, gari linaegeshwa pembeni mpaka akubali. Nimeshawahi kukaa juani kwa sababu ya mhubiri mmoja mbishi kutoka Tennessee.

Ana haki ya kujidai, nisimpunje. Alipika jikoni kwa shule tangu msichana mpaka anastaafu, na nusu ya mji huu imekula mkononi mwake. Mibaba yenye ndevu inamsimamisha barabarani, "Mama Mims, bado unanibania keki?" Na mtu akifa katika kanisa letu, maiti haijafika kwa waosha maiti, makaroni ya jibini ya Ozella yameshaingia kwenye oveni. Wafiwa wanajua wamefiwa kweli wakimwona anapanda ngazi na lile sinia.

Sasa, vyombo vya msiba vina sheria zake kwetu. Unapeleka chakula kwenye chombo chako kizuri, maana huwezi kumpa mfiwa chakula kwenye takataka. Chini ya chombo unabandika jina lako. Mambo yakitulia, mfiwa anaosha kila kitu, anasoma majina, anapita nyumba hadi nyumba kurudisha na kushukuru. Kupoteza chombo cha mtu ni aibu. Hawakuambii usoni, wanakusema jikoni kwa kanisa miaka na miaka.

Alvin alipofariki, Bi Inez Chastang alileta vitu viwili: keki juu ya sahani ya kioo, na saladi ya viazi ndani ya bakuli la njano la marehemu mama yake. Bakuli zito, lenye mistari myeupe ubavuni na pengo dogo kwenye ukingo. Bi Inez alikuwa msaidizi wa wauguzi hospitalini, kwa hiyo jina lake alikuwa analiandika kwenye plasta nyeupe ya vidonda, halafu juu yake anapaka rangi ya kucha isiyo na rangi ili maji yasiitoe. Mtu makini, Inez. Mwenye gari safi na jibu la haraka.

Miezi ikapita. Jumapili moja jikoni kwa kanisa, tunamenya viazi vitamu, Inez akauliza kwa upole tu, "Ozella mpenzi, bakuli langu limefika wapi?"

"Bakuli lipi? Si nilikuletea?"

"Uliniletea sahani ya keki. Bakuli bado."

"Inez! Nilikuletea mwenyewe kwa mikono yangu hii. Ukanipokea mlangoni, umevaa gauni la bluu. Umesahau?"

"Hukuniletea, Ozella."

"Basi unazeeka, mwenzangu!"

Tukacheka. Na mimi nilicheka. Inez akauliza tena wiki iliyofuata, na nyingine, na kila mara Ozella aliapa, wala hakuwa anadanganya. Aliamini. Mlango aliukumbuka, gauni la bluu alilikumbuka. Na kati ya mtu anayeapa kwa sauti na mtu anayeuliza polepole, watu humwamini yule mwenye sauti.

Hapo ndipo Inez alipoanza kutazamwa. Akisahau jina la mtu, watu wanakonyezana. Mimi nasahau majina kila siku, hakuna anayenikonyeza. Akiacha miwani kwenye benchi, "maskini Bi Inez". Zamu ya jikoni wakampokonya kwa maneno matamu, eti apumzike. Binti yake Renata akahamia nyumbani, akachukua usukani wa gari, akaanza kuongea na mama yake kwa sauti ya kuongea na mtoto wa chekechea. Na Inez akaacha kuuliza bakuli. Akaacha kuuliza vitu vingi.

Basi masika haya, mwana wa Ozella aliyeko Detroit akatangaza anaoa, na mama wa bibi harusi, Delphine Rucker, akaja kutuona. Loo, Ozella alivyohangaika! Mapazia mapya, gari limeoshwa mpaka ndani ya matairi. Delphine tulimpenda mara moja: mnene, mcheshi, anapenda kula, na mitumba anaijua.

"Bi Ozella," alisema akilamba vidole pale kando ya ghuba, "mwanangu angeniambia mnakula hivi, ningemwoza mapema."

"Mkwe wangu, bado hujaona kitu," Ozella akasema, na bega likapanda.

Duka la mitumba tulilokwenda ni lile la mtaa wa nyuma, lenye harufu ya vitabu na viatu vya marehemu. Huko ndiko vitu vya mji huu vinakozunguka: mtu akifa watoto wanavipeleka, mwingine ananunua, naye akifa vinarudi. Mimi nilikuwa kwenye mabegi. Nikasikia Delphine anapiga kelele za furaha upande wa vyombo.

"Tazameni jamani! Dola nne tu!"

Alikuwa amelikumbatia bakuli la njano. Mistari myeupe, pengo kwenye ukingo.  Nikajiambia labda silo, yako mengi, walitengeneza mengi. Delphine akaligeuza chini kutafuta chapa ya kiwanda, na pale katikati, chini ya rangi ya kucha iliyogeuka manjano kidogo, ilikuwepo plasta.

"I. Chastang," akasoma. "Huyu Chastang ni nani?"

Nilimtazama Ozella. Uso ulikuwa umemshuka wote, mdomo uko wazi. Nikajua amejua. Nikangoja aseme. Niliona kabisa maneno yanapanda kooni.

"Ah," akasema. "Jina hilo limejaa hapa. Ukitupa jiwe unampiga Chastang. Hebu lete, nikutolee uchafu huo."

Akalichukua bakuli, akaanza kukwangua kwa ukucha. Plasta ilikuwa imeshika, Inez alikuwa mtu makini. Ozella akakwangua, akakwangua, ukucha ukavunjika, akaendelea na wa pili. Mgeni anasema, "Acha tu, nitaloweka nyumbani," yeye hasikii. Mwishowe ikatoka vipande vipande. Akaifinyanga kidonge, akakitia mfukoni mwa gauni lake.

Na mimi nilisimama pale na begi la mtu mkononi, kimya. Nilijiambia mgeni yupo, si adabu.

Delphine akalipa dola zake nne, tukarudi garini. Delphine, ili kuchangamsha watu, akasema, "Eti Mardi Gras mliiga kutoka New Orleans?"

Nilishika mlango wa gari. Ozella akatazama barabara.

"Inawezekana," akasema.

Inawezekana! Nilidhani nimesikia vibaya. Mwanamke aliyemweka mhubiri juani.

Jioni tulisimama kula chaza, nikamfuata msalani, nikafunga mlango.

"Wifi. Lile bakuli."

"Nyamaza, Lavada."

"Sinyamazi. Lilifikaje pale?"

Akafungua maji, akaosha mikono iliyokuwa safi. "Tai za Alvin," akasema. "Nilikuwa natoa nguo zake kabatini. Sikuwa na mahali pa kuzitia tai, nikazikunja nikaziweka ndani ya bakuli lililokuwa karibu. Halafu likaingia kwenye boksi, na maboksi yote yakaenda mitumbani. Nimekumbuka leo. Aliposoma tu lile jina, nikaziona zile tai."

"Na gauni la bluu?"

"Gauni la bluu ni siku ya sahani ya keki." Akaanza kulia, machozi yanaingia kwenye sinki. "Inez alikuwa ananiambia, Lavada. Kila wiki alikuwa ananiambia."

"Basi kesho kanisani mwambie."

"Nimwambie nini? Kwamba nimemfanya mwehu mbele ya watu, na yeye ndiye mwenye akili?"

"Hivyo hivyo. Usipunguze neno."

"Mbele ya mkwe wangu? Aende Detroit akasema mwanangu anatoka kwa watu wa aina gani?" Akajifuta uso na karatasi. "Jumatatu. Mgeni akishaondoka, nitakwenda kwake peke yangu."

"Na bakuli litakuwa Detroit. Utakwenda na nini, na mdomo?"

 Aliona aibu hata kunitazama kwenye kioo. Na mimi niliona aibu kwa ajili yake, na hasira, na chini ya hasira niliona aibu yangu mwenyewe, maana nilicheka jikoni siku ile.

Jumapili ilikuwa siku ya mwaka ya kanisa, wana wote wa kanisa wanarudi kutoka walikokimbilia, na baada ya ibada tunakula uani chini ya mahema. Nilifika kwa Ozella asubuhi kuchukuliwa. Jikoni nikamkuta Delphine na aproni, anachanganya saladi ya viazi. Kwenye meza Ozella alikuwa amepanga mabakuli yake mazuri, la kioo, la maua, la fedha la harusi.

"Tumia hili, mkwe wangu, ni pana."

"Hapana, hapana. Nitapeleka kwenye lile langu jipya. Limeshaoshwa."

"Lina pengo. Watu watakusema."

"Ndiyo uzuri wake!" Delphine akacheka, akaanza kupakua ndani ya bakuli la njano. Nilichungulia kuhakikisha hakutia zabibu kavu, maana watu wa kaskazini wanafanya mambo. Hakutia. Ilikuwa saladi safi, yenye mayai na haradali kama yetu.

Ozella alisimama na bakuli la fedha mikononi. Njia nzima aliendesha polepole kama gari la mazishi. Bakuli lilikuwa mapajani mwangu, limefunikwa karatasi ya bati, la baridi, zito. Ningeweza kulidondosha. Wazo lilinipitia, nakiri, nikalishika kwa nguvu zaidi.

Uani kwa kanisa kuna jambo moja hakuna asiyelijua: saladi ya viazi hailiwi mpaka mwenyewe atajwe. Kuku utakula wa yeyote, mkate wa mahindi utakula wa yeyote, lakini saladi ya viazi watu wanasimama na sahani mkononi na kuuliza. Delphine hakuwa ameshaweka bakuli chini, mama mchungaji akafika.

"Hii ya nani?"

"Yangu, mama."

"Na wewe ni wa nani?"

"Mkwe wa Bi Ozella, kutoka Detroit."

"Detroit!" Wakaja wengine kutazama. Shemasi mmoja akaonja kwa ncha ya uma, akafumba macho, akakubali kwa kichwa, watu wakapiga makofi. Delphine alichanua. Na katikati ya vile vicheko nikamwona Renata anakuja, amemshika mama yake kiwiko.

Bi Inez alikuwa amevaa kofia yake ya rangi ya zambarau. Alipofika mezani alisimama. Hakutazama saladi. Alinyoosha mkono, akaweka kidole gumba kwenye lile pengo la ukingo, kikaingia barabara, kidole kilichozoea. Akakizungusha pale taratibu.

"Mama alikuwa na kama hili," akasema. "Hata pengo lilikuwa hapa. Mimi ndiye niliyelivunja, nikiwa mdogo, na kijiko cha chuma."

"Mama, acha bakuli la watu," Renata akasema kwa ile sauti ya chekechea. "Ni la mgeni. Umenisikia? La m-ge-ni."

Inez akautoa mkono haraka. "Ndiyo. Ndiyo, samahani." Akamtazama Delphine, akatabasamu kwa unyenyekevu ambao sikuwahi kuuona kwake enzi zote. "Usinijali, mwanangu. Kichwa changu si kizima. Bakuli la mama yangu nililipoteza mwenyewe, halafu nikamsumbua huyu Ozella wa watu miezi na miezi." Akamgeukia wifi yangu, akamshika mkono. "Hukuwahi kunigombeza. Nilikubishia mbele za watu, na wewe ukanivumilia. Sikuwahi kukuomba radhi."

Jamani. Nilitamani ardhi ipasuke, na mimi wala si mwenye kosa kubwa.

Ozella aliutazama ule mkono. Shingo ilikuwa imemwiva. Nikamwona anamtazama Delphine, halafu mama mchungaji, halafu tena ule mkono.

"Sikukuletea, Inez," akasema.

"Eh?"

"Bakuli. Sikukuletea. Ndilo hili. Nililitia tai za Alvin nikalipeleka mitumbani bila kujua, na jana tumelikuta. Jina lako lilikuwa chini." Akanyoosha vidole. "Nimelibandua. Kwa kucha hizi. Nilijua ni lako na nikabandua jina lako."

Hakuna aliyetafuna. Delphine aliweka mkono mdomoni. "Nilililipia dola nne," akasema, kana kwamba yeye ndiye mwizi.

Inez alirudisha macho kwenye bakuli. Nilidhani hajaelewa, na Mungu anisamehe, nikafikiri yale yale waliyokuwa wanafikiri wote. Kumbe alikuwa anahesabu.

"Kwa hiyo niliuliza vizuri," akasema.

"Uliuliza vizuri."

"Sahani ulileta. Bakuli hukuleta."

"Sikuleta."

"Nilikuwa na akili zangu."

"Ulikuwa nazo zote, Inez. Mimi ndiye sikuwa nazo."

Renata alianza, "Mama, twende ukae..." Inez akamnyooshea kidole, na binti akanyamaza.

"Unajua mimi nafanya nini kila asubuhi?" Inez akamwambia Ozella. Hakupaza sauti, lakini hema zima lilimsikia. "Nikifumbua macho, kabla sijashusha mguu, nataja wajukuu. Wote, kwa mpangilio. Nikimaliza nataja dada zangu, walio hai na waliokufa. Nikikwama kwenye jina moja nabaki pale kitandani natetemeka, nasema leo ndiyo leo, leo kichwa kimekwenda. Tangu ile siku jikoni. Nimekuwa nikijiogopa mwenyewe, Ozella. Kwa sababu yako."

Renata alilia hapo hapo, amesimama na sahani. Mimi pia. Ozella hakulia. Alikuwa amekwenda mbali zaidi ya kulia, midomo imekauka, mikono inaning'inia. Mwanamke aliyelisha nusu ya mji, amesimama mbele ya nusu hiyo hiyo, na hana pa kuuweka uso.

"Nisamehe," akasema. "Lichukue bakuli. Niambie nifanye nini, nitafanya."

"Bakuli nitalichukua, likishaliwa. Saladi ni nzuri, haina kosa." Inez akavuta kiti, akakaa, akaweka mkoba wake mapajani na kuinyoosha kofia. Akatazama mahema yote, meza moja moja, watu wote wale waliokuwa wakimwambia apumzike. "Hawa wa hapa wamesikia. Wale hawajasikia. Anza na meza ile ya wazee karibu na mti, halafu wanakwaya, halafu wale waliotoka Atlanta. Waambie kama ulivyoniambia mimi. Na ile ya kubandua usiiruke."

"Zote, Inez?"

"Ulinisema kwenye zote."

Ozella akanitazama. Nikadhani nitamwonea huruma, nikaamka kumsindikiza, lakini miguu ikakataa, na nafikiri ilikuwa na haki. Akaenda peke yake. Tulimwona anasimama mbele ya wazee, mikono ameifumbata, anasema kitu, na wazee wameinamisha masikio.

"Sikusikii!" Inez akapaza sauti kutoka kwenye kiti chake.

Wifi yangu akageuka kututazama. Akawageukia wazee, akaanza upya.